Subira ya Mashabiki wa Philadelphia

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Na wewe unayesoma karatasi hii peke yako nyumbani, soma polepole, na kila ukikuta hesabu, chukua kalamu uifanye.

Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike methali mbili ubaoni. Ya kwanza ni hii: Mvumilivu hula mbivu. Ya pili ni hii: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili mnazijua tangu utoto. Wazee wetu walituachia zote mbili, wala hawakutuambia ni lini tufuate hii na ni lini tufuate ile. Hiyo ndiyo kazi yetu leo. Nitawapa habari ya kweli ya mji mmoja ambao watu wake waliambiwa "Ngojeni," nao wakangoja miaka mingi. Halafu ninyi wenyewe mtaamua ni methali ipi iliyowafaa.

Mji huo ni Philadelphia, huko mashariki ya Marekani, kati ya New York na Washington. Watu wake wanapenda sana michezo, na mmoja wa michezo hiyo ni mpira wa kikapu. Timu yao ya kulipwa huitwa Philadelphia 76ers. Hesabu hiyo ya 76 yatokana na mwaka 1776, kwa sababu tangazo la uhuru wa Marekani lilipitishwa mjini humo mwaka huo. Timu hii ilipata ubingwa mwaka 1967, ikaupata tena mwaka 1983. Mwaka 2001 ilifika fainali ikiwa na mchezaji hodari aitwaye Allen Iverson, lakini ilishindwa na Los Angeles Lakers. Tangu hapo wazee wakawa wanasimulia habari za 1983, na vijana wakasikiliza tu, kama watu wanaosimuliwa karamu ambayo hawakuila.

Sasa sikilizeni taabu yao ilikuwa nini. Timu haikuwa mbaya sana, wala haikuwa nzuri. Ilikuwa ya katikati. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 ilishinda michezo 34, ikashindwa 48. Mwaka huo ilikuwa imejipatia mchezaji mrefu mwenye sifa, Andrew Bynum, lakini magoti yake yalikuwa mabovu, asicheze hata mchezo mmoja. Mtu wa nje atauliza: je, kuwa katikati ni vibaya? Si heri kuliko kuwa mwisho? Hapo ndipo panapohitaji kuelezwa, maana ligi hii haifanani na ligi za mpira wa miguu tulizozizoea.

Katika mpira wa miguu, timu ya mwisho hushushwa daraja. Katika ligi hii ya Marekani, ambayo kwa kifupi huitwa NBA, hakuna kushushwa. Timu ni 30, na timu ya mwisho hubaki pale pale. Zaidi ya hayo, timu ya mwisho hupewa zawadi. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, hufanywa uteuzi wa wachezaji wapya, yaani vijana wanaotoka vyuoni na katika nchi za nje. Timu huchagua kwa zamu. Zile zilizofanya vibaya huchagua kwanza, na zile zilizofanya vizuri huchagua mwisho. Nia ya sheria hiyo ni njema: mnyonge asaidiwe, ili ligi isiwe na mabwana wale wale milele.

Lakini waliotunga sheria waliona hatari. Kama timu ya mwisho ina hakika ya kuchagua wa kwanza, si wengine watataka kuwa wa mwisho? Kwa hiyo tangu mwaka 1985 hupigwa kura ya bahati kati ya timu zilizofanya vibaya. Katika miaka ninayoisimulia, timu mbaya kuliko zote ilikuwa na bahati 25 katika kila 100 za kupata nafasi ya kwanza. Basi mwaona: timu ya katikati haipati ubingwa, wala haipati kijana bora. Imekaa katikati ya mto. Ng'ambo haifiki, na pwani hairudi.

Mwezi wa Mei 2013 wenye timu walimwajiri meneja mkuu mpya, Bwana Sam Hinkie. Alikuwa mtu wa hesabu, aliyefanya kazi kwanza na timu ya Houston. Alitazama mambo kama mtu aliyerithi shamba la minazi mizee. Mtu huyo ana njia mbili. Anaweza kuiacha minazi, akapata nazi chache kila mwaka, zisizotosha kuuza. Au anaweza kuikata yote, apande miche, akae miaka bila nazi, akitumaini kwamba baadaye atapata nyingi. Bwana Hinkie alichukua shoka.

Usiku wa uteuzi wa mwaka 2013 alimtoa Jrue Holiday, kijana mzuri aliyekuwa nguzo ya timu, akampeleka New Orleans. Badala yake alipewa kijana Nerlens Noel, ambaye goti lake lilikuwa limeumia, pamoja na haki ya kuchagua mchezaji mwaka uliofuata. Zingatieni jambo hili. Alitoa mchezaji wa leo, akachukua mgonjwa na ahadi. Na hivyo ndivyo alivyoendelea: wachezaji waliokomaa waliondoka mmoja mmoja, na nafasi zao zikachukuliwa na vijana wa bei nafuu, na haki za kuchagua katika miaka ya mbele.

Sasa shikeni kalamu. Katika ligi hii kila timu hucheza michezo 82 kwa msimu. Msimu wa kwanza wa mpango huu, 2013 hadi 2014, Philadelphia ilishinda michezo 19, ikashindwa 63. Katikati ya msimu huo ilishindwa mara 26 mfululizo. Msimu wa pili ilishinda 18, ikashindwa 64. Msimu wa tatu, 2015 hadi 2016, ilishinda 10 tu, ikashindwa 72. Jumlisheni ushindi: 19 na 18 na 10. Mtapata 47. Jumlisheni kushindwa: 63 na 64 na 72. Mtapata 199. Michezo 246 kwa jumla, na furaha 47. Gawanyeni wenyewe mwone: katika kila michezo mitano, mashabiki walirudi nyumbani na huzuni mara nne.

Ni lazima niseme jambo moja ili tusiwadhulumu watu. Wachezaji wale hawakushindwa kwa makusudi. Walikimbia, wakatoka jasho, wakaanguka chini kugombea mpira, maana kila mmoja alikuwa akitafuta riziki ya kesho. Kocha wao, Brett Brown, aliwafundisha kwa bidii. Aliyekubali kushindwa ni yule wa juu, aliyewapa kazi isiyo na vifaa. Ni kama kumpa fundi misumari mitatu na kumwambia ajenge nyumba. Akishindwa, tusimlaumu fundi.

Tugeuke sasa kuwatazama mashabiki. Fikiri, ndugu msomaji, kwamba wewe ni mfanyakazi wa mji huo. Una mtoto wa miaka minane. Kila mwaka huweka akiba kidogo umpeleke kutazama mchezo mmoja. Mwaka wa kwanza mnashindwa. Mwaka wa pili mnashindwa. Mwaka wa tatu mtoto ana miaka kumi na moja, naye anauliza, "Baba, timu yetu itashinda lini?" Utamjibu nini? Tiketi haisemi, "Huu ni mwaka wa kupanda, kwa hiyo lipa nusu." Na utoto wa mwanao hauwezi kuwekwa ghalani uje utumiwe mwaka wa mavuno.

Kwa sababu hiyo watu wa mji waligawanyika. Wengine walikasirika. Walisema ni aibu kuwauzia watu mchezo usiokusudiwa kushindwa wala kushinda, bali kungoja tu. Viti vingi vikawa vitupu. Magazeti yaliwashambulia wakubwa wa timu, na timu nyingine zilinung'unika kwamba Philadelphia inaharibu sifa ya ligi. Lakini wengine, hasa vijana, walishika imani. Walisema, "Tumekaa katikati miaka mingi bila faida, heri tupotee tukitafuta." Wakawa na neno lao, ambalo kwa Kiswahili naweza kulisema hivi: Uamini mwendo. Neno hilo lilianza kama dhihaka nusu na imani nusu, kisha likawa wimbo ukumbini. Usiku wa kupiga kura ya uteuzi walikusanyika kwa maelfu, kama watu wanaongoja kutangazwa matokeo ya uchaguzi.

Je, mavuno yalikuwaje? Mwaka 2014 timu ilipata nafasi ya tatu, ikamchagua Joel Embiid, kijana wa Kiafrika aliyezaliwa Yaoundé, nchini Kameruni, mwaka 1994. Alianza mpira wa kikapu akiwa karibu mtu mzima, akaonwa kambini na Mkameruni mwenzake, Luc Mbah a Moute, aliyekuwa akicheza Marekani. Lakini kijana huyo alikuwa amevunjika mfupa wa mguu. Alikaa nje msimu mzima, kisha msimu wa pili mzima. Mwaka 2015 walimchagua Jahlil Okafor kwa nafasi ya tatu. Akaanza vizuri, kisha akafifia, na mwaka 2017 wakamwachia aende.

Mnaona basi kwamba kuchagua si kupata. Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Ni heshima ambayo haitafutika. Lakini njia yake haikuwa ndefu kama ilivyotumainiwa; baada ya misimu mitano, mwaka 2014, alikuwa ametoka katika ligi hiyo. Na mwaka ule ule wa 2009, aliyechaguliwa wa saba alikuwa Stephen Curry, ambaye baadaye alipata ubingwa mara nne. Wataalamu wote walikuwapo, na vitabu vyao, na hesabu zao. Mche ukiwa mdogo, hata mkulima mzee hajui kwa hakika upi utazaa.

Mwishoni mwa mwaka 2015 timu ilikuwa imecheza michezo 31 ya msimu ule, ikashinda mmoja tu. Wenye timu wakachoka. Walikuwa wamekwisha kumleta mzee mwenye jina, Jerry Colangelo, awe juu ya meneja. Mwezi wa Aprili 2016 Bwana Hinkie alijiuzulu, akaacha barua ya kurasa 13 akieleza fikira zake. Hakukaa kuyaona mavuno. Miezi miwili baadaye, kwa sababu ya kura ile ile aliyoitafuta, timu ilichagua wa kwanza, ikamchukua Ben Simmons. Aliyepanda hakuwapo shambani siku ya kuvuna.

Hatimaye mvua ikanyesha. Embiid alianza kucheza mwezi wa Oktoba 2016. Katika msimu wa 2017 hadi 2018 timu ilishinda michezo 52, na ile 16 ya mwisho iliishinda yote mfululizo. Viti vilijaa tena. Embiid mwenyewe alijipachika jina la "Mwendo," na ukumbi mzima ukaimba. Kijana aliyekuwa na miaka minane mwaka 2013 sasa alikuwa na kumi na mitatu, naye akaona timu yake inashinda. Wale walioamini wakawaambia wale waliokasirika, "Hatukuwaambia?"

Lakini hadithi haikuishia hapo. Ubingwa haukupatikana. Mwezi wa Mei 2019 walicheza na Toronto katika hatua ya pili ya mtoano. Walikuwa wamefungana, kila upande umeshinda michezo mitatu. Katika mchezo wa saba hesabu ilikuwa 90 kwa 90, na saa ilikuwa inakwisha. Kawhi Leonard wa Toronto akarusha mpira kutoka pembeni, juu ya mikono ya Embiid. Mpira uligonga chuma cha kikapu mara nne, kisha ukatumbukia. Toronto ikashinda 92 kwa 90, na baadaye ikawa bingwa. Miaka sita ya kungoja ilisimama juu ya chuma kile, ikaangukia upande wa pili. Embiid alilia mbele ya watu wote.

Mwaka 2021 timu ilikuwa ya kwanza upande wa mashariki, lakini ilishindwa na Atlanta katika mchezo wa saba, nyumbani kwake. Baada ya hapo Simmons hakutaka tena kuichezea, na mwezi wa Februari 2022 akabadilishwa. Mwaka 2023 Embiid alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, heshima kubwa kwa mtu wa Yaoundé, lakini mwaka huo pia timu ilitolewa katika hatua ya pili. Katika msimu wa 2024 hadi 2025 Embiid aliumwa goti, akacheza michezo 19 tu, na timu ikashindwa mara 58. Hivyo, tangu shoka lilipoingia shambani mwaka 2013 hadi mwisho wa msimu huo, miaka kumi na miwili, Philadelphia haikuvuka hatua ya pili hata mara moja. Na yule Jrue Holiday aliyetolewa siku ya kwanza? Alipata ubingwa na Milwaukee mwaka 2021, akaupata tena na Boston mwaka 2024.

Msikimbilie kusema kwamba basi kungoja ni ujinga. Timu ya Oklahoma City ilifuata njia iliyofanana nayo. Mwaka 2019 iliwatoa wachezaji wake wakubwa, ikapokea kijana Shai Gilgeous-Alexander na haki nyingi za kuchagua. Ilishindwa sana kwa misimu miwili; siku moja ya Desemba 2021 ilifungwa na Memphis kwa tofauti ya pointi 73. Mashabiki wake nao waliona haya. Lakini mwezi wa Juni 2025 timu hiyo ilipata ubingwa. Njia ni moja, na matokeo mbalimbali. Tofauti moja yafaa kutajwa: watu wa Oklahoma City hawakubadilisha meneja katikati ya safari. Aliyepanda ndiye aliyepalilia, na ndiye aliyevuna. Philadelphia kila mkulima aliyekuja aling'oa baadhi ya miche ya mwenzake.

Na wakubwa wa ligi nao walijifunza. Mwaka 2017 waliibadili kura, na kuanzia uteuzi wa 2019 timu tatu mbaya kuliko zote zilipewa bahati sawa, 14 katika kila 100. Kwa hiyo kuwa wa mwisho kabisa hakukuongeza bahati ya kupata nafasi ya kwanza kuliko kuwa wa tatu kutoka mwisho. Sheria ikiwa na tundu, mwerevu atapita. Usimlaumu yeye peke yake, liangalie na tundu.

Sasa turudi ubaoni. Mvumilivu hula mbivu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika maisha yetu, mara nyingi huja mtu akatuambia tungoje: kiongozi wa chama, mwenye duka tunayeshirikiana naye, hata mtoto anayeomba ada ya shule. Habari ya Philadelphia yatufundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kukubali.

Swali la kwanza: tunangoja nini? Mpango uelezwe waziwazi, pamoja na dalili za njiani. Mkulima haoni nazi mwaka wa kwanza, lakini huona jani jipya. Kama hakuna jani, si subira tena, ni usingizi.

Swali la pili: nani analipa gharama ya kungoja? Meneja alipata mshahara wake katika miaka ile mitatu. Shabiki alilipa tiketi nzima. Anayeomba subira ni haki abebe sehemu ya mzigo, asiwe yeye kivulini na wengine juani.

Swali la tatu: nani atakuwapo siku ya mavuno? Mpango wa miaka kumi mikononi mwa mtu wa miaka mitatu ni mpango nusu.

Mtu akijibu maswali hayo vizuri, mngoje, wala msilalamike kila asubuhi. Asipojibu, simameni mwulize tena. Kuuliza si kukosa subira. Na hata akijibu vizuri, kumbukeni ule mpira juu ya chuma. Subira hutupa nafasi, haitupi hakika. Mkijua hilo tangu mwanzo, siku ya kushindwa mtahuzunika, lakini hamtasema kwamba mlidanganywa.

Huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Yafuatayo ni maswali ya kuzungumza darasani. Mwalimu asijibu, awaache wanafunzi waseme.

1. Kwa nini timu ya katikati ilikuwa na taabu kuliko ya mwisho katika ligi hii?

2. Philadelphia ilishinda michezo 10 katika 82. Je, ilishinda mingapi katika kila mia? Fanyeni hesabu.

3. Kama ungekuwa yule baba wa mtoto wa miaka minane, ungeendelea kununua tiketi? Toa sababu zako.

4. Andika sentensi tano juu ya jambo moja ulilolingojea kwa muda mrefu. Je, ulipata? Na nani alilipa gharama ya kungoja?

Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.